Wazazi wote weusi, mtoto ana ualbino: kabla ukoo haujamfukuza shemeji, naomba tuhesabu maharage

Ticha wa Njegere

Wakuu, heshima kwenu.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nafundisha Baiolojia hapa Moshi. Kila mwaka kidato cha nne nawachorea ubaoni yule mtawa Mendel na njegere zake, ndefu kwa fupi, njano kwa kijani. Wanakariri, wanafanya mtihani, tunaagana. Wiki mbili zilizopita nimegundua kumbe hata mimi nilikuwa nimekariri tu.

Mke wa mdogo wangu kajifungua binti. Mama alipofika wodini akafunua kanga, akakuta nywele kama nyuzi za hindi bichi na ngozi ya waridi mpaka vidoleni. Akamfunika tena haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Nesi mmoja akamuuliza shemeji, "Na baba yake yuko wapi?" huku anacheka. Mdogo wangu alikuwa amesimama palepale na chupa ya uji mkononi.

Jumapili tukaitwa nyumbani Kibosho. Baba mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo siku hizi, akaisubiri mbege izunguke mara moja kwanza, kisha akasema: "Kwetu huku kitu hicho hakipo. Kimetoka kwao Rombo, au kimetoka barabarani." Mnajua "barabarani" maana yake nini. Mdogo wangu akainamia kata yake. Wazee wakanigeukia mimi msomi. Nikasema, "Tumpe mtoto muda akue kidogo."

Muda wa nini? Melanini haiji kwa subira. Aibu hiyo ndiyo imenileta hapa. Nitaandika kwa utaratibu niliotakiwa kuutumia siku ile, nanyi mnikosoe kabla sijapanda tena kule juu.

Mwili unatengeneza rangi inayoitwa melanini. Ndiyo inayoipa ngozi na nywele rangi yake, na lile duara la ndani ya jicho. Maelekezo ya kuitengeneza yamo kwenye jeni, na kila mtu ana nakala mbili za kila jeni ya namna hii: moja ya baba, moja ya mama. Nakala moja nzima inatosha kazi yote. Mwenye nakala moja nzima na moja yenye hitilafu ni mweusi kama mimi na wewe, huwezi kumjua kwa kumwangalia, na mwenyewe hajijui. Huyo tunamwita mbebaji.

Wabebaji wawili wakioana, kila mmoja anatoa nakala moja tu kwa mtoto, na haichaguliwi. Mtoto anaweza kupata nzima mbili. Anaweza kupata nzima ya baba na mbovu ya mama, au kinyume chake. Au mbovu mbili, na hapo ndipo ualbino. Ni moja kati ya nne.

Ngoja nikasimamie prepu, narudi.

Mangi wa Mbuyuni

Mwalimu umeanza vizuri ukakimbia. Mimi nina swali la sokoni. Huku tunaambiwa mjamzito akikutana na mtu wa namna hiyo asipotema mate kifuani, mtoto anatoka hivyo. Mke wangu alitema. Mtoto katoka mweusi tii. Sasa mate yamefanya kazi au hayajafanya?

Mama Wawili

Mangi, na mimi nilikutana na twiga Arusha National Park nikiwa na mimba ya miezi saba na sikutema. Mwanangu ana shingo ya kawaida kabisa.

Kofia Pana

Nimesoma nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Mimi ndiye wanayenitemea hayo mate. Niko Arusha, nina miaka 34, nina ualbino. Nitarudi jioni, sasa hivi jua linapiga kwenye skrini sioni kitu.

Mpare Mbishi

Mwalimu, sina nia ya kuharibu ila hesabu yako inanisumbua. Umesema moja kati ya nne. Jirani yangu Same ana watoto watano, watatu wa kwanza weusi. Wa nne alipozaliwa mweusi pia wakafanya sherehe, wakidhani "zamu" imewapita. Wa tano ana ualbino. Na kuna familia nyingine naijua, wawili wanafuatana. Hiyo robo iko wapi hapo?

Ticha wa Njegere

Nimerudi. Mpare, hilo ndilo kosa ambalo hata wanafunzi wangu wa A wanalifanya. Robo si zamu. Haina foleni. Kila mimba inaanza upya, haijui waliotangulia walipata nini. Wabebaji wawili wanaweza kuzaa watoto wanane bila hata mmoja mwenye ualbino. Ukipiga hesabu, familia kama kumi katika kila mia za namna hiyo zitatoka hivyo. Na wanaweza kuzaa wawili mfululizo wote wana ualbino, hiyo ni moja kati ya kumi na sita. Ndiyo maana baba mkubwa anaweza kusema "kwetu hakipo" na asiwe mwongo: kipo, ila vizazi vitatu kimepita kimya.

Sasa twende kwenye hesabu ninayoipenda. Takwimu inayotajwa sana kwa Tanzania ni mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi. Ulaya na Marekani ni mmoja kwenye 17,000 mpaka 20,000. Mtu akisikia 1,400 anaona ni jambo la nadra. Lakini wabebaji ni wangapi? Kama mmoja katika kila 19. Jihakikishie mwenyewe: 19 ya baba mara 19 ya mama mara 4 ya bahati ya mtoto, unapata 1,444. Inakubali.

Mmoja katika 19! Panda Coaster ya Moshi kwenda Arusha, hata kabla haijajaa pale stendi, kwa wastani yumo mmoja. Darasa langu lina wanafunzi 57, kwa wastani watatu. Ukoo wetu ukikutana Desemba, wale wa Dar na wa Nairobi wakija, tunafika themanini. Hebu niambie sasa "kwetu hakipo".

Mpare Mbishi

Hapo umenimaliza kwenye robo. Ila nina lingine, usinichukie. Kama kila mwanaume wa 19 ni mbebaji, basi hata huyo wa "barabarani" anaweza kuwa mbebaji. Kwa hiyo mtoto hajathibitisha kwamba baba ni mdogo wako. Amethibitisha tu kwamba mwanaume fulani, yeyote yule, alitoa nakala mbovu.

Maabara Usiku

Mpare yuko sahihi na mwalimu asimkasirikie. Nafanya kazi maabara, nimezoea maswali haya saa nane za usiku. Jibu ni hili: ualbino haumtuhumu mama wala haumsafishi. Hauhusiki na suala hilo kabisa, sawasawa na mtoto kuzaliwa na kundi la damu O wakati wazazi wote ni A. Linawezekana, ni la kawaida, na si ushahidi. Anayemshuku mkewe kwa sababu nyingine atafute njia yake: kipimo cha vinasaba kinafanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na hauendi tu mwenyewe na hela mkononi, unapitia mahakamani, kwa wakili au ustawi wa jamii. Ila kumshuku kwa sababu ya rangi ya mtoto tu, hapana. Mtoto wa Mzungu na Mwafrika hatoki hivyo. Anatoka chotara, na macho yake yanatulia. Mwangalieni binti macho akifika miezi miwili mitatu. Yakianza kucheza upande kwa upande msishtuke, ndiyo ualbino wenyewe.

Na niongeze, maana mwalimu kasema "jeni" kama vile ni moja. Ziko kadhaa. Ya kawaida zaidi kwetu Afrika inaitwa OCA2, iko kwenye kromosomu ya 15 (kromosomu ni kama uzi unaobeba jeni), na wengi wana hitilafu ileile: kipande kimoja cha jeni kimedondoka, kikarithishwa tangu zamani sana, watu wanahama nacho. Wa aina hii nywele zao ni za njano, na wakikua wanaweza kupata madoa ya kahawia usoni na mikononi. Nyingine iko kwenye kromosomu ya 11, inaharibu kimeng'enya chenyewe cha kutengeneza melanini, na hapo nywele zinaweza kubaki nyeupe maisha yote. Kuna na aina ya wekundu, ngozi ya shaba na nywele nyekundu, hiyo watu wengi hawaijui kama ni ualbino.

Mama Wawili

Maabara, kwa hiyo wawili wenye ualbino wakioana, watoto wote watakuwa nao?

Maabara Usiku

Wakiwa na hitilafu kwenye jeni ileile, ndiyo, wote. Hawana nakala nzima ya kutoa. Lakini mmoja akiwa na ya kromosomu 15 na mwenzake ya kromosomu 11, watoto wanaweza kutoka weusi wote! Kila mzazi anatoa nakala nzima pale ambapo mwenzake ana mbovu. Sasa fikiria na hao wakizaa mweusi, ukoo ungesema nini.

Mangi wa Mbuyuni

Wangesema barabarani tena 😂 Huyo barabarani ana kazi.

Kofia Pana

Jioni imeingia, niko nje, Meru nauona kama kivuli tu ila nauona.

Mwalimu, umeeleza jeni vizuri lakini shemeji yako atarudi nyumbani na mtoto, si na jeni. Naomba nimsemeshe yeye.

Shemeji, kwanza wengi hatupendi "zeruzeru". Sema mtu mwenye ualbino, au taja jina lake, analo. Pili, macho. Watu wanadhani shida yetu ni ngozi tu. Melanini inatakiwa wakati jicho linatengenezwa tumboni, ikikosekana sehemu ya nyuma ya jicho inayoona vitu vidogo haikui sawasawa. Miwani inasaidia, haimalizi. Mimi namba ya basi siioni mpaka liwe limeshanipita, natambua gari kwa sauti ya konda. Shule ya msingi nilikaa dawati la mbele na bado nilikuwa nainuka naenda mpaka ubaoni, pua karibu iguse chaki, nasoma mstari mmoja, narudi kuandika, nainuka tena. Mwalimu mmoja akasema nasumbua darasa, akanirudisha nyuma. Mwaka ule nilishika mkia. Mwaka uliofuata dawati mwenzangu akawa ananisomea kwa sauti ya chini, nikawa wa sita. Akili ilikuwa ileile. Mtihani wa taifa kuna karatasi za maandishi makubwa, ila shule inatakiwa iombe mapema, kwa hiyo asisubiri kukumbushwa.

Tatu, jua. Msidanganyike na Arusha. Juni na Julai huku wingu linakaa wiki nzima, watu wanavaa masweta, na mimi niliungua shingo mwezi wa saba nikiwa nafua. Mionzi inapita kwenye wingu, na kadiri unavyopanda juu ndivyo inavyozidi, na Arusha iko kama mita 1,400. Kofia yenye ukingo pande zote. Kepu inaacha masikio na shingo, na masikio ndiyo yanayoanza. Mitumba ya Memorial pale Moshi utapata za turubai nzuri tu. Mikono mirefu, sketi ndefu. Na mafuta ya kuzuia jua: yanatengenezwa hapohapo kwenu, hospitali ya KCMC, yanaitwa Kilisun, yametengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Aulize kliniki ya ngozi. Nusu saa kabla ya kutoka, na arudie baada ya saa mbili. Mimi mama yangu alikuwa ananipaka mafuta ya nazi kwa upendo mkubwa, na nazi haikuzuia kitu.

Kidonda chochote kisichopona, gamba linalorudi kila ukilibandua, aende hospitali siku hiyohiyo. Likiwahiwa linagandishwa kwa baridi kali dakika chache, unarudi nyumbani. Likichelewa linaweza kuwa saratani. Nimezika rafiki wawili, mmoja alianza na kidoa juu ya mdomo kidogo kuliko punje ya mtama.

Na mwisho, kwa huyo anayetema mate: nina watoto watatu na mume mweusi, watoto wote weusi. Wote ni wabebaji, lazima, kwa sababu mimi sina nakala nzima ya kuwapa. Wa kwanza anasoma shule moja na watoto wenu.

Mangi wa Mbuyuni

Dada, nisamehe kwa lile la mate. Niliandika kama utani.

Kofia Pana

Najua. Nilicheka, nimesema.

Ngarenaro Kwetu

Samahani kwa kuingia katikati. Mdogo wangu wa kiume ana ualbino, mimi mweusi. Nataka kuoa mwakani. Mimi je?

Maabara Usiku

Swali zuri, na wengi wanajibiwa vibaya. Wazazi wako ni wabebaji, hilo limeshathibitika. Wewe huna ualbino, kwa hiyo ile nafasi moja ya nne toa. Zinabaki tatu, na mbili kati ya hizo ni za mbebaji. Uwezekano wako ni theluthi mbili. Mchumba kama kwao haijulikani, ni moja kwa 19. Zidisha zote na robo ya mtoto, unapata moja kwa 114 hivi. Si sifuri, wala si ya kukukosesha usingizi. Ila kama mchumba ni binamu yako, rudi tuongee, maana binamu mnachota kisima kimoja.

Ngarenaro Kwetu

Si binamu, ni Mwarusha, mimi Mrangi. Asante mkuu.

Mama Wawili

Mwalimu kimya. Kibosho ulipanda au hukupanda?

Ticha wa Njegere

Nilipanda jana. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Nilikuwa nimeandaa kadi za rangi, mishale, kila kitu. Njiani nikaona upuuzi. Baba mkubwa hakwenda zaidi ya darasa la nne, ila amefuga ng'ombe miaka sitini na anajua dume lipi linatoa ndama wa madoa. Nikaziacha kadi kwenye gari. Nikamwomba mama mabakuli mawili na maharage: mekundu na meupe.

Bakuli la kushoto baba, la kulia mama. Kila bakuli jekundu moja, jeupe moja. Nikamwambia: "Baba, fumba macho, chukua moja huku, moja kule. Likiwemo jekundu hata moja, mtoto mweusi. Yakiwa meupe yote mawili, ndiyo kama binti. Ukimaliza rudisha."

Akachukua. Jekundu na jeupe. Akarudisha. Mekundu mawili. Jeupe na jekundu. Mara ya nne, ya tano, ya sita, mekundu yanatokea tu. Wazee wakaanza kusogeza viti. Akasema, "Unaona, hakipo." Mara ya saba: meupe mawili. Mara ya nane: meupe mawili tena. Kimya. Mama akaacha kupembua mchele.

Akaniangalia akaniuliza, na nitaliweka swali lake kwenye somo langu mpaka nistaafu: "Kwa hiyo haya ya sasa hayajui kama yale mengine yalishatoka?"

Nikasema, "Hayajui, baba."

Kisha akafanya jambo ambalo sikumfundisha. Akatoa lile jeupe kwenye bakuli la baba, akalitia mfukoni, akaweka jekundu la pili. Akafumba macho, akaanza kuchota. Mara kumi. Mara ishirini. Nilikuwa nahesabu. Alipofika thelathini na kitu akafumbua. "Huku likikosa jeupe, kule hata lijae meupe tupu, hatoki." "Hatoki." "Basi mke peke yake hawezi kulileta."

Mpare, nilikukumbuka. Nikasema kweli yote: kwamba bakuli la baba linaweza kuwa la mbebaji yeyote, na katika kila wanaume 19 yumo mmoja, rangi ya mtoto haimtaji nani. Niliona sura ya shemeji inabadilika nikasema nimeharibu. Baba mkubwa akasema, "Leteni mtoto."

Akaletwa. Hakuangalia nywele. Akafunua miguu. Kidole cha pili kimezidi dole gumba kwa urefu. Akavua kandambili yake, akaweka mguu wake kando ya ule mdogo wa waridi, uleule mguu, cha pili kimetangulia.

Kisayansi kidole si ushahidi wa maana. Nilinyamaza, na safari hii nilinyamaza kwa faida.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa lile harage jeupe, akalirudisha kwenye bakuli la baba.

Mpare Mbishi

Kidole si ushahidi, mwalimu. Lakini sibishi.

Kofia Pana

Kofia ya mtoto kama kichwa chake ni cha kawaida ununue kubwa kidogo, itamfaa mpaka mwaka. Kuna moja ya binti yangu hajaivaa hata mara tatu, ina kamba za kufungia chini ya kidevu isipeperushwe na upepo. Nikiipeleka stendi Ijumaa utaipokea?

Ticha wa Njegere

Naipokea, dada. Coaster gani?

Kofia Pana

Mimi nitajuaje? Nitakupa jina la konda.